Shikamoo, Mhariri

"Shikamoo mhariri. Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vema na majukumu ya kulijenga taifa. Mimi ni kijana mwenye kipaji cha uandishi tangu nikiwa shule ya msingi, na ndoto yangu ni siku moja kuona jina langu kwenye gazeti lako pendwa. Naambatanisha makala yangu. Naomba unisaidie."

Barua ya namna hii huingia kwenye kila dawati la makala, iwe Dar es Salaam au Nairobi, na chini yake kuna faili la maneno 3,000 lenye kichwa "Umuhimu wa Elimu kwa Mtoto wa Kike" au "Changamoto za Ajira kwa Vijana". Mhariri analifungua, anakuta sentensi ya kwanza inasema elimu ni ufunguo wa maisha, analifunga. Hajibu. Huko aliko, mwandishi ananunua gazeti Jumapili ya kwanza, anakopa la jirani Jumapili ya pili, analipekua kuanzia michezo hadi ukurasa wa mbele, jina halimo. Mwishowe anawaambia wenzake kijiweni kwamba magazeti yana wenyewe.

Nimewahi kukaa kwenye dawati la aina hiyo, kwenye gazeti la wiki ambalo sitalitaja, na sikubaliani na maelezo mawili yanayotolewa juu ya barua hizi. Wahariri husema vijana wa siku hizi hawajui kuandika. Vijana husema bila kujuana hupenyi. Kila upande una chembe ya ukweli, lakini tatizo linaanza kabla ya hapo, kwenye kile kinachotumwa. Mwandishi anatuma makala nzima wakati alipaswa kutuma wazo. Na mhariri ndiye aliyemzoesha hivyo, kwa sababu akiulizwa, "Naweza kukuandikia juu ya jambo fulani?" jibu lake ni lilelile miaka yote: "Andika, ulete, tutaangalia."

Hiyo "tutaangalia" ina gharama, na anayelipa ni mmoja. Nauli ni ya mwandishi, bando ni lake, usiku wa kuandika ni wake. Makala ikifaa, gazeti limepata kazi ambayo halikuigharimia kwa senti moja mpaka siku ya kuichapisha. Isipofaa, hasara anabaki nayo yeye. Kwa kuwa anajua hasara itakuwa yake, mwandishi mpya anafanya jambo la busara kabisa: haendi popote. Anakaa kitandani na simu yake, anaandika juu ya umuhimu wa elimu, maana umuhimu wa elimu hauna nauli. Wahariri wanaolalamika kwamba makala wanazoletewa ni za juujuu wajue kuwa ndizo zinazopatikana kwa masharti waliyoyaweka wenyewe.

Mazoea haya yana historia. Uandishi wa Kiswahili magazetini ulikua kwa njia ya posta. Msimulizi, lililochapwa Unguja na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA kuanzia 1888, na baadaye Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, yaliishi kwa barua, habari na mashairi ya watu waliokuwa mbali na mtambo wa kuchapia. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, mtumishi wa serikali kwenye vituo vya pwani, alipoanza kuonekana Mambo Leo na mashairi yake. Karani wa Pangani asingeweza kumwandikia mhariri wa Dar es Salaam, "Nina wazo la shairi, unasemaje?" kisha akangoja barua irudi. Alituma kitu kilichokamilika. Shairi nalo ndivyo linavyotaka: hulipendekezi, unalitunga. Hadithi fupi vivyo hivyo, hata leo. Ila makala ya uchunguzi, ya safari, ya maisha ya watu au ya maoni yenye ushahidi si shairi, na siku hizi ujumbe wa simu unafika kabla chai haijapoa. Tumebaki na taratibu za enzi za posta bila sababu.

Tuseme basi unatuma wazo. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa kudhani mada ni wazo. "Nataka kuandika kuhusu mchango wa wanawake katika uchumi wa buluu" ni mada. Inatosha kuendeshea semina ya siku tatu hotelini, lakini mhariri hawezi kuinunua kwa sababu haisemi itakwenda wapi, kwa nani, lini, wala itarudi na nini. Linganisha na ujumbe ufuatao, ambao nimeutunga kwa mfano lakini unafanana na ule mmoja kati ya mia ambao humfanya mhariri avute kiti:

"Shikamoo mhariri. Naishi Jambiani, Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huku kwetu na Paje mwaka 1989, na wakulima karibu wote ni kina mama. Mnunuzi hulipa zaidi mwani wa kottonii kuliko spinosum, lakini majirani zangu wanapanda spinosum, kwa sababu kottonii inaoza na kufa maji yanapopata joto. Nataka kuandika siku moja ya bamvua shambani na daftari la mkulima mmoja: kamba na vigingi alivyonunua, kilo mbichi alizotoa, kilo kavu zilizobaki, pesa aliyoshika. Mkulima amekubali. Nitazungumza pia na mnunuzi, na mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Bamvua ni wiki ijayo. Maneno 1,200 na picha nne, nitaleta tarehe 20. Hii itakuwa makala yangu ya kwanza gazetini. Aya ya kwanza ipo hapa chini uone ninavyoandika."

Shikamoo ipo, wala sina ugomvi nayo. Mwenye umri wa kuamkia na aamkie, na anayeandikiana na rika lake aseme habari za kazi. Kinachoudhi ni salamu kula nusu ya barua. Ila angalia yaliyomo baada ya salamu. Kuna mahali. Kuna kitendawili: watu wanaacha bei kubwa na kwenda kwenye bei ndogo, na msomaji anataka kujua kwa nini. Kuna daftari, maana yake kuna hesabu ambazo hakuna gazeti lililowahi kuzichapisha kwa sababu zimo kwenye daftari la mtu mmoja. Kuna tarehe ambayo haikupangwa na mwandishi wala mhariri. Imepangwa na mwezi, kwa kuwa mashamba ya mwani yanafikika vizuri maji makubwa yanapokupwa. Mtu anayejua hilo hakulitoa kwenye ripoti ya wafadhili, na mhariri aliyekulia pwani atalijua hilo kwa kusoma mara moja. Kuna hata kilichokosekana: hakuna neno moja juu ya kipaji cha utotoni.

Mtu atasema huu ni mfano wa aliyebahatika kukaa Jambiani. Hasha. Kila mwandishi mpya anakaa mahali, na mahali hapo ndipo mtaji wake ulipo, japo mwenyewe anapaona ni pa kuaibisha. Nimesoma barua kutoka Ujiji zikipendekeza makala juu ya vita vya Mashariki ya Kati. Barua hizo zilitoka mji ambao Dk. Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871, mji wenye Kongo ng'ambo ya ziwa, wenye wavuvi wa dagaa na migebuka, wenye familia zilizopokea wakimbizi kizazi hadi kizazi. Gazeti la Dar es Salaam likitaka kumtuma mwandishi wake Kigoma, lazima lifikirie nauli, posho na gesti, na mara nyingi likishafikiria huacha. Wewe uko huko tayari, na usiku unalala kwako. Kwa mhariri, jambo hilo lina thamani kuliko jina kubwa. Majina makubwa tayari anayo, na anayajua jinsi yanavyochelewesha kazi.

Waandishi wapya wengi huogopa kuibiwa. "Nikimtumia wazo, atampa mwandishi wake." Hofu hii si ya bure, visa hivyo vipo, na sheria haitakusaidia sana: hakimiliki hulinda maneno uliyoyaandika, hailindi wazo lililo kichwani. Lakini wazo la mada ndilo linaloibika. Uchumi wa buluu yeyote anaweza kuuandika bila kutoka ofisini. Siku hizi hata mashine inauandika kwa nusu dakika, na wahariri wanaletewa makala hizo kila uchao, laini, zimenyooka, ndani hamna kitu. Daftari la yule mama haliibiki kirahisi. Mwizi atalazimika kwenda Jambiani, kujuana naye, na kungoja bamvua. Kwa hiyo usimfiche mhariri kiini cha jambo, mfiche namba ya simu ya mkulima.

Kuna suala la wakati, nalo nitalipitia haraka. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na kila mwaka makala za kumkumbuka hufika tarehe 13 Oktoba mchana. Tangu UNESCO iitangaze Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, makala juu ya utamu wa Kiswahili nazo zinakuja kwa lori siku moja kabla. Kurasa za gazeti la mwisho wa wiki huwa zimeshapangwa siku kadhaa nyuma, na zile za jarida wiki kadhaa au miezi. Ukitaka Oktoba, andika Agosti. Na ukiandika juu ya Nyerere, leta mtu aliyempikia, aliyemwendesha, aliyefundishwa naye. Sifa za jumla tumejaza makabati.

Jingine la haraka: soma gazeti kabla ya kuliandikia. Linaonekana jambo la kitoto kusema, lakini riwaya hupelekwa kwenye jarida la kilimo, na makala ya maneno 4,000 kwenye ukurasa ambao siku njema hubeba 900, na siku tangazo la benki likija hubeba 500. Tafuta jina la mhariri wa makala. Mhariri mkuu usimsumbue. Ana kesi mahakamani na bodi mlangoni.

Kuhusu magazeti na majarida ya nje, nina maoni ambayo baadhi ya wenzangu hawayapendi. Mwandishi wa Kiswahili anayejua Kiingereza asione aibu kuuza wazo moja sehemu mbili, mradi aandike makala mbili na aseme wazi kwa kila mhariri. Ni wazo moja lakini maswali ni tofauti. Mhariri wa London atauliza, "Kwa nini sasa, na kwa nini msomaji wangu ajali?" Itabidi umweleze Jambiani ni wapi, na pengine kwamba mwani ule ndio chanzo cha karajinani inayofanya dawa yake ya meno iwe nzito. Mhariri wa Unguja hahitaji ramani. Swali lake ni "Nani kasema?" kwa sababu msomaji wake ana shangazi shambani na atapiga simu Jumatatu kulalamika kuhusu bei uliyoandika. Mimi naona msomaji wa pili ndiye mgumu, na mwandishi aliyefuzu kwake hatababaishwa na wa London.

Binyavanga Wainaina wa Kenya alifika Granta la Uingereza kwa njia ambayo hakuna kitabu cha mafunzo kinachoielekeza. Alikasirishwa na toleo la jarida hilo kuhusu Afrika, akawaandikia barua pepe ndefu ya hasira na kejeli. Kutokana na barua hiyo ilipatikana insha yake ya jinsi ya kuandika juu ya Afrika, iliyochapwa na Granta hilohilo mwaka 2005 na kusomwa kote duniani. Ni kweli hakuwa mgeni kabisa: alikuwa ameshinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 na kuanzisha jarida la Kwani? mjini Nairobi mwaka uliofuata. Hata hivyo hapo kuna jambo la kujifunza kwa mtu ambaye hajulikani. Ugomvi wako na gazeti, kama una hoja, ni wazo. Ukurasa wa barua kwa mhariri upo hapohapo, haudai cheti wala jina, na mhariri anausoma kwa makini kuliko unavyodhani kwa sababu ndiko anakopata habari za makosa yake. Barua ya maneno 200 inayomsahihisha mwandishi wa gazeti kwa ushahidi na adabu hufungua mlango kuliko maombi kumi ya kusaidiwa.

Sasa pesa, jambo ambalo kwetu kulitaja mapema ni utovu wa adabu. Mwandishi mpya anaona haya kuuliza, mhariri anafurahia haya hiyo, na makala inatoka bila mtu kujua italipwa shilingi ngapi au kama italipwa kabisa. Ukiuliza baadaye unaambiwa, "Tunakujengea jina." Jina ni zuri, ila mwenye nyumba hapokei kodi kwa jina. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na ujumbe mmoja wa simu unatosha kuwa daftari: mnalipa kiasi gani, lini baada ya kuchapa, mnakata kodi ya zuio au hamkati, na makala ikishatoka naruhusiwa kuichapisha kwingine? Mhariri muungwana atajibu kwa mistari miwili. Anayekasirika kwa kuulizwa amekuokolea muda. Majarida mengi ya nje yana hata utaratibu wa kumlipa mwandishi sehemu ya fedha pale makala iliyoagizwa inapoachwa bila kuchapwa. Kwetu utaratibu huo ni nadra, na sioni sababu ya msingi ya kutouanzisha, hata kwa kiasi kidogo cha kurudisha nauli.

Najua jibu la wenye magazeti: hali ni mbaya, nakala haziuziki, matangazo yamehamia mitandaoni. Ni kweli. Lakini waangalie kinachotokea wasipolipa. Mwandishi wa kujitegemea wa mkoani, asiye na mshahara wala bima, anakwenda kwenye warsha ya halmashauri au uzinduzi wa kampuni, na mwisho wa shughuli anaitwa pembeni kupewa bahasha ya "nauli". Bahasha ile inazidi malipo ya gazeti, na inatoka siku hiyohiyo. Baada ya miezi michache mwandishi anajua ni nani anayemlisha, na makala zake zinaanza kuonyesha. Tukishafika hapo tunamwita kanjanja na kuandaa mafunzo ya maadili. Mafunzo ya nini? Gazeti lilimwacha kijana bila senti mbele ya mtu mwenye bahasha, kisha linashangaa.

Wahariri wana hoja moja ambayo naiheshimu. Wanasema wazo zuri linaweza kutoka kwa mtu asiyejua kuunganisha sentensi mbili, na ukishalikubali umejifunga. Ni kweli inatokea. Kuna mawazo mazuri yaliyorudi yakiwa mihutasari ya vikao. Dawa yake ni ile aya ya kwanza kwenye ujumbe wa Jambiani. Mwandishi aiweke, mhariri aidai. Maneno 100 yanamwonyesha mtu. Mhariri aliyebobea anajua kwenye sentensi ya tatu kama anayeandika anaona vitu au anahutubia. Akibaki na shaka aseme, "Endelea, ila sikuahidi, niletee kwanza maneno 300 baada ya siku ya shambani." Hapo kila upande unajua umeweka nini mezani.

Halafu kuna kimya. Kimya cha mhariri si lazima kiwe dharau. Mara nyingi ujumbe umezikwa chini ya taarifa za vyombo vya habari kutoka wizara zote. Subiri wiki mbili, kumbusha mara moja kwa mistari miwili, usipige simu Ijumaa jioni wakati kurasa zinafungwa. Kama wazo linafungwa na tarehe, sema tangu mwanzo kwamba usipopata jibu hadi siku fulani utalipeleka kwingine, halafu kweli ulipeleke. Siyo jeuri. Bamvua halimngoji mhariri wa makala. Na ukikataliwa kwa maelezo, hata ya neno moja, huyo ndiye mhariri wa kumwandikia tena, kwa sababu amekusoma.

Nakiri mzigo mkubwa nimemtwika mwandishi mpya, ambaye ndiye mwenye nguvu ndogo. Basi na wahariri wafanye moja, ambalo halihitaji bajeti wala kikao cha bodi. Kwenye ukurasa wa maoni kila wiki kuna pembe inayojazwa na katuni ya zamani au tangazo la gazeti lenyewe kujisifu. Pembe hiyo inatosha maneno 60: tunapokea mawazo ya makala za aina gani, tuma kwa nani, urefu kiasi gani, tunajibu ndani ya siku ngapi, tunalipa shilingi ngapi. Gazeti litakaloona haya kuandika hilo la mwisho litakuwa limewajibu waandishi wake bila kutumia hata hayo maneno 60.